Mashine ya kufungashia hailipi SDL

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila yanapozungumzwa mashine viwandani, watu huhesabu kazi zilizokufa. Mimi nataka tuulize zimehamia wapi.

Nimesimamia zamu katika kiwanda cha unga Barabara ya Nyerere. Meza ya kufungashia ilikuwa ya kina mama: mmoja anachota, mwenzake anapima, wa tatu anaziba mfuko kwa moto, wa mwisho anagonga tarehe. Sasa mtambo unajaza, unaziba na kuchapa tarehe wenyewe. Wamebaki wawili, mmoja wa kubadilisha roli la nailoni na mwingine wa kukodolea macho skrini.

Waliopunguzwa hawakukaa bure. Dar nani anakaa bure? Wapo wanaopika chakula Vingunguti, wapo mawakala wa miamala ya simu, na vijana wa kupakia wamehamia kwenye bodaboda. Mchumi Mmarekani William Baumol alilieleza jambo hili mwaka 1967: mashine huongeza uzalishaji kiwandani, lakini kinyozi bado ananyoa kichwa kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo watu hurundikana kwenye huduma. Huko kwao, ajira za viwandani zilikuwa karibu milioni 19.5 mwaka 1979, na kufikia 2010 zilikuwa chini ya milioni 12, ingawa bidhaa za China nazo zilichangia.

(Uhamisho mwingine ni wa kwenye makaratasi tu. Mlinzi na mfagiaji ni walewale, geti ni lilelile, ila sasa wameajiriwa na kampuni ya nje na wanahesabiwa kwenye huduma.)

Kinachoniudhi ni hesabu ya serikali. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo sehemu yake inaiendesha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), hukokotolewa kwenye mishahara. Kiwanda kikipunguza watu, tozo nayo inapungua, wakati uleule ambapo watu wengi zaidi wanahitaji kujifunza kazi mpya. Mama lishe na bodaboda hawaingii kabisa kwenye hesabu hiyo, maana tozo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia kumi. Na mitambo mingi inaingia nchini bila ushuru wa forodha. Yaani mwenye kiwanda akiajiri mtu anatozwa, akiagiza mashine anapata unafuu.

Kiinua mgongo nacho hakitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka kumi. Aliyefanya kazi miaka ishirini anaondoka na siku sabini. Kibarua wa kutwa, ambaye ndiye aliyejaa kwenye zile meza, haambulii kitu.

Sizipingi mashine, unga ule unafungwa vizuri zaidi sasa. Napendekeza kiwanda kikubwa kinachonufaika na unafuu wa mitambo kigharamie mafunzo ya wanaopunguzwa, vibarua wakiwemo, kabla hawajatoka getini. VETA ipo Chang'ombe, jirani kabisa na viwanda hivi. Ifungue madarasa ya jioni ya umeme na matengenezo ya mitambo kwa watu wazima. Wenye viwanda watalalamika kwamba ni gharama. Wazitoe kwenye ile SDL wasiyoilipa tena.

Msimamizi wa zamu mstaafu,
Vingunguti, Dar es Salaam