Kengele ya saa sita na sanduku la bati

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, wewe na mama watoto. Ujumbe nimeupata: kijana ameitwa Shule ya Upili ya Mang'u, Gredi ya 10, mkondo wa sayansi. Hongera! Nimefurahi kana kwamba ni wangu. Ila ukamalizia na swali: shule ya miaka mia moja itampa nini mtoto wa mtaala mpya, zaidi ya mila za wazee? Nimelala nalo siku tatu.

Unaukumbuka usiku wetu wa kwanza bwenini, kule shuleni kwetu. Wewe wanafunzi wakubwa walikupa kiatu upige simu nyumbani, uzungumze na mamako mpaka "akujibu". Mimi nikapandishwa kitandani nipulize taa ya umeme izime. Nilipuliza hadi nikaona nyota. Mwishowe mmoja wao akabonyeza swichi, akanipongeza. Tukaambiwa hiyo ndiyo mila ya shule. Na mwaka uliofuata, tuseme ukweli, tuliwangoja mono, wale wageni wa kidato cha kwanza, kwa hamu. Mila gani hiyo? Lile lilikuwa deni, nasi tukawalipisha watoto ambao hawakutukopa.

Lakini ile kengele ya saa sita mchana, je? Jumamosi, mechi imechacha, kengele ya Malaika wa Bwana, ile sala ya Wakatoliki ya adhuhuri, inalia, wachezaji wote wanasimama pale walipo, mpira peke yake ukibingirika taratibu hadi mtaroni. Wale Waislamu wawili wa darasa letu nao walisimama, wala hakuna aliyewataka wafanye ishara ya msalaba. Dakika moja hivi, halafu makelele yanarudi. Hadi leo saa sita ikifika mkono wangu hupunguza mwendo, hata nikiwa katikati ya mahesabu ya watu. Hiyo ningeirudisha kesho.

Sasa Mang'u. Ilianza mwaka 1925 kule Kabaa, Machakos, mikononi mwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, kabla ya kuhamia Mang'u ilikopata jina. Shule nyingi za wamisionari zilijipa kaulimbiu ya Kilatini au Kiingereza. Hawa wana Kiswahili, maneno mawili tu: Jishinde Ushinde. Itazame hiyo "ji". Ukiiondoa, unabaki na kelele za uwanjani. Ukiiacha, mpinzani wako hayumo kwenye orodha ya matokeo. Mmevaa sare moja, tena shati lile lile.

Watu watamtajia kijana waliosoma hapo: Rais Kibaki na Makamu wa Rais Saitoti. Sawa. Wewe mtajie na Tom Mboya, yule mwanasiasa wa enzi za uhuru, aliyepita hapo miaka ya 1940, karo ikamkatizia masomo, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Kisha mtajie Kadinali Otunga. Mwana wa chifu, akakataa kiti cha babake, akaingia upadri. Mwaka 1973 akawa kadinali wa kwanza wa Kenya. Alipostaafu uaskofu mkuu wa Nairobi alihamia nyumba ya wazee, akaishi humo na wazee wasio na kitu hadi miaka yake ya mwisho. Mimi nikiyasoma maneno yale mawili, huyo ndiye ninayemwona kwanza, Rais baadaye.

Kwa hiyo siku ya kumtembelea usianze na alama. Muulize ni kitu gani huko kinachowafanya wote wanyamaze kwa pamoja. Akikosa jibu muhula wa kwanza, usimsumbue. Na mweleze habari za kile kiatu. Najua hujawahi, unaona haya.

Kuhusu orodha ya vitu vya kununua, sanduku usinunue. Langu la bati lingalipo, bawaba moja tu ndiyo imelegea. Pitieni mlichukue, kama hataona aibu. Ndani ya kifuniko atakuta jina lako, ulilolichonga kwa msumari usiku wa prepu ukidhani nimelala.

Ni mimi,
wa kitanda cha juu