Kwa mdogo wangu: ule ubeti wa mwisho haukuwa wako kuukata

Mdogo wangu,

Salamu zako Mama Mdogo kanifikishia, pamoja na yale mengine uliyomwambia asinifikishie. Unamjua.

Najua umenuna. Unasema nimekuvunjia heshima mbele ya mashabiki wako kwa kuwaambia shairi lile ni la marehemu Mjomba, na kwamba ya nyumbani humalizwa nyumbani. Sawa. Lakini ubeti wa Mjomba hukuukatia nyumbani. Uliukatia jukwaani, maiki iko wazi, ukumbi umejaa, simu zimenyanyuliwa zinarekodi. Kilichofanyika hadharani nami nakijibu hadharani.

Niseme mazuri kwanza, maana yapo. Kusoma shairi kabla ya kuliimba ni jambo jema sana, na Tanga nzima hakuna kijana wa rika lako anayelifanya. Kwenye taarab watu wamezoea bashrafu, yaani ala tupu za ufunguzi, kisha sauti, kisha kumtunza mwimbaji pesa, na mwisho wa usiku ukimuuliza mtu wimbo ulisema nini atakutajia kiitikio tu. Wewe umewalazimisha wakae wasikilize maneno yasiyo na ala. Na huo wimbo mpya wa pili, ule wa maneno yako mwenyewe, ni mzuri. Nasema bila kinyongo. Fidla inapojibu baada ya kila kipande, mtu anasahau kwamba ngoma ile ni ya kompyuta.

Lakini usiku ule ulisoma beti sita. Daftari la bluu la Mjomba ulikuwa nalo mkononi. Ukafunua ukurasa, ukautazama ubeti wa saba, tena uliutazama kwa muda maana kwenye video kidole kinaonekana kimeushika mstari, kisha ukalifunga daftari, ukamkonyeza wa kinanda. Mshereheshaji akadakia, "Mtunzi na mwimbaji ni yeye huyuhuyu!" Nawe ukacheka. Hukusema uongo, mdogo wangu. Ulicheka tu.

Ubeti wa saba ndio tamati. Ndimo alimojitaja: jina, mtaa wa Ngamiani, na mwaka. Mtunga mashairi hana saini nyingine zaidi ya hiyo. Hana jalada, hana picha, hana mtu wa kumtangaza. Anaiweka mwishoni ili atakayelighani shairi lake popote amtaje hata kama hamjui. Malenga wengi wa pwani wamefanya hivyo, na waliopokea mashairi yao wakaheshimu. Huko Mombasa, mwimbaji wa taarab Juma Bhalo aliimba maneno ya malenga Ahmad Nassir miaka na miaka, na hadi anafariki mwaka 2014 hakuna aliyemwona mdogo kwa sababu mashairi yalikuwa ya mwenzake. Waliosikia wimbo walisema sauti ya huyu, maneno ya yule. Heshima iliongezeka, haikugawanyika.

Basi mashabiki wako walipoanza kubishana, huyu anasema "kijana wa leo mambo ya dau na pepo za baharini kayajulia wapi?", yule anajibu "ndiyo kipaji hicho, achene wivu", mimi ningenyamaza vipi? Daftari nimelinakili kwa mkono wangu wakati macho ya Mjomba yamekwisha. Niliwaambia maneno ni ya nani, basi. Sikutaja ya bahasha. Sikutaja ya siku ya jenereta. Mtu aliyetaka kukuaibisha angekuwa na mengi ya kusema.

Na ukweli, ukiacha hilo la jina, hata huo usomaji wenyewe una kasoro, na mashabiki wanaokusifia hawakwambii kwa kuwa hawahesabu mizani, yaani silabi. Tuuchukue huu ubeti wa tatu:

*Safari haina ladha, mbele kama hutambui,*
*Wimbi halitaki fedha, halibagui adui,*
*Pepo zikileta adha, hata nyota huzijui,*
*Mwenye dau ni nahodha, bahari haimjui.*

Mizani nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, nane utao, yaani kipande cha pili, mshororo mmoja kumi na sita, ubeti mzima 64. Kina cha kati ni *dha*, cha mwisho ni *ui*. Wewe ukasoma "Mwenye dau ni kapteni", eti vijana wapate kuelewa. Kijana gani wa Tanga asiyejua nahodha? Ukihesabu sawasawa, kipande kinafika mizani tisa. Hata ukiimeza hiyo *p* ukarudi kwenye nane, kina cha *dha* kimeshakufa, na sikio la mtu aliyekwisha kusikia ladha, fedha, adha linabaki linangoja kitu ambacho hakiji. Ukumbini wazee wawili watatu walitikisa kichwa palepale. Ukadhani wamekolea.

Halafu *haimjui*. Hapo *m* ni mizani peke yake: ba-ha-ri-ha-i-m-ju-i, nane. Si kama *m* ya *hutambui*, ambayo imebebwa ndani ya *mbu* na haihesabiwi. Ulipofika kuimba, kila kibwagizo kiliporudi uliimba "haijui". Mizani saba, na maana imeharibika: sasa bahari haijui, haijui nini? Shairi zima linasimama juu ya hiyo *m*, kwamba cheo cha mtu kinaishia ufukweni na bahari haimtambui mwenye chombo. Umeimeza. Na kwa kuwa ilibaki nafasi ya mizani moja, ukaijaza na "eeh".

Kwa nini uliimeza? Si uzembe, nakutetea hapo. Ni mapigo. Wimbo mmeuweka kwenye mapigo 96 kwa dakika. Mapigo manne ni sekunde mbili na nusu, na mizani nane ukizipanga mbilimbili kwa kila pigo zinaijaza hiyo nafasi yote pasibaki hata tundu la sindano. Mshororo unachukua sekunde tano, ubeti sekunde 20, mfululizo. Utapumua wapi? Mwili unatafuta pa kuiba pumzi, na unaiba pale panapotamkwa kwa midomo kufungwa, yaani kwenye *m*. Dawa ziko mbili. Ama mshushe hadi 80, mapigo manne yafike sekunde tatu. Ama, na hii naipenda zaidi, kila mshororo muupe nafasi tatu za mapigo manne badala ya mbili: ya kwanza ukwapi, ya pili utao, ya tatu fidla ijibu nawe uvute pumzi. Kwenye 96 hiyohiyo ubeti utachukua sekunde 30. Wa studio atalalamika kwamba wimbo umekuwa mrefu. Mwache alalamike. Santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, zile alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, na maneno yake mpaka leo yanasikika. Kinachokatwa ni idadi ya beti, pumzi haikatwi.

Kwenye kusoma, kasi yako ilikuwa nzuri. Mizani tatu mpaka nne kwa sekunde ndiyo kasi ya mtu anayesikilizwa. Ubeti pamoja na vituo unakaa karibu nusu dakika, beti saba dakika tatu na ushei. Hakuna ukumbi unaochoka kwa dakika tatu, kwa hiyo usije ukaniambia uliikata tamati kwa ajili ya muda. Pumzi moja kwa mshororo. Kwenye kina cha kati unasita, hupumui. Wewe ulipumua katikati ya ukwapi, "Pepo ziki... leta adha", watu wakacheka kidogo nyuma. Fanya zoezi lile la mkekani: soma mshororo huku umeshika kiganja mbele ya mdomo, pumzi isibadilike mpaka ufike mwisho.

Maiki ulikuwa umeing'ata. Unapoimba ni sawa, lakini kwa kusoma isogeze vidole vinne kutoka mdomoni, na uigeuze kidogo ielekee pembe ya mdomo, isiwe usoni kabisa. Ukiwa karibu mno sauti inavimba besi, na *p* ya *pepo* inapiga kama mlango. Mwambie fundi wa sauti akate besi yote chini ya hezi 100 unaposoma. Na mwangwi auzime kabisa, asiupunguze tu. Ule mliouweka ni wa kuimbia, unakaa kama sekunde mbili. Piga hesabu: unasoma mizani tatu na nusu kwa sekunde, kwa hiyo mizani ya nane inatoka wakati saba zilizotangulia bado zinalia ukumbini. Ndiyo sababu wa mbele walisikia shairi na wa nyuma walisikia mvumo. Kama mashine ina nafasi, mpangie njia mbili za sauti, maiki ya kusomea na maiki ya kuimbia, asihangaike kugeuza vitufe kila mara. Mafundi wengi husahau kurudisha, ukaanza wimbo na sauti kavu kama mti.

Ala ya udi chini ya usomaji, hapana. Najua unaupenda, na aliyeupiga anajua kazi. Lakini sauti ya udi inakaa palepale inapokaa sauti ya mwanamume, inafunika maneno. Tumia ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, iko juu zaidi. Tena isipige wimbo. Iguse noti ya mwanzo tu mwisho wa kila ubeti, mara moja. Faida yake utaiona ukifika kuimba: sikio lako litakuwa limeishika noti tangu dakika tatu zilizopita. Safari ile ulimaliza kusoma juu, kinanda kikaanza chini, ukaitafuta sauti mshororo mzima. Mashabiki wakasema ni hisia.

Na kutunza kusubiri. Mshereheshaji atangaze mapema kwamba wakati wa kusoma hakuna kupanda jukwaani. Yule mama wa kitenge cha njano alikupachika noti ya pesa katikati ya ubeti wa nne nawe ukasimama kumshukuru. Adabu nzuri, lakini utao ulipotea.

Kuhusu kujilinganisha na Mrisho Mpoto, yule msanii wa kughani jukwaani, wengine wanakupamba hivyo nawe hukatai. Mpoto anapopanda miguu peku, maneno yake hayajafungwa kwa mizani. Ni usemi, ni mafumbo ya mazungumzo, anaweza kuyarefusha na kuyafupisha juu ya bendi huku mwingine akimwimbia kiitikio. Wimbo wako wa pili unaweza kwenda njia hiyo, na utafika mbali. Shairi la Mjomba haliwezi. Limefungwa, ukilivuta huku linachanika kule. Hilo ungeniuliza ningekwambia, kama ulivyokuwa ukiniuliza zamani hata kwa ujumbe wa usiku wa manane, kabla hujawa mtu wa kupigiwa simu na meneja.

Umeniuliza kupitia kwa Mama Mdogo, "Anataka nini sasa, hela?" Hilo limeniuma kuliko yote. Sitaki hela yako. Ila elewa: sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mjomba hata arobaini yake haijasahaulika. Haki ya maneno yale ni ya watoto wake, si yangu wala si yako, na binti yake mkubwa anasoma haya. Kaza moyo uende ukakae naye, upeleke daftari, muandikishe wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina mawili. Akikataa, amekataa. Akikubali, na atakubali kwa sababu anakupenda kuliko sisi wote, utaimba bila mtu kukunong'ona mgongoni. Mimi nilikuwa nakuepusha na hilo nilipoyasema yale. Ningeyaacha, angekuja kuyasema mtu mwingine wimbo ukiwa umeshika redioni, na huyo asingekuita mdogo wangu.

Ile bahasha ya kaki iko kabatini kwa Mama Mdogo, upande wa kulia, chini ya shuka. Usimuulize mbele ya wageni. Ndani kuna kurasa nne zilizochanika kwenye daftari la bluu, pamoja na beti mbili ambazo hazijawahi kusomwa na mtu. Zisome kwanza kimya, hesabu mizani kwa vidole, ndipo uzipeleke kwa wenzako.

Nimeambiwa mnarekodi mwisho wa mwezi. Kabla hujaingia studio rudisha *nahodha*, rudisha ile *m*, na umwambie anayeandika maelezo ya wimbo aweke mistari miwili: Maneno, jina la Mjomba kamili kama lilivyo kwenye tamati. Sauti, jina lako. Akisema nafasi haitoshi, apunguze herufi za jina la studio.

Kaka yako.