Mgombea ubunge wa jimbo atujibu kuhusu mwaka wa saba

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno tuliyoyasikia hapa Katuba, komini (wilaya ya mji) ya Lubumbashi, kutoka kwa mtu anayejitayarisha kugombea ubunge katika bunge la jimbo la Haut-Katanga, hapa Kongo, wala si bunge la taifa la Kinshasa. Simtaji jina, kwa sababu maneno kama hayo tuliyasikia pia kwa wengine waliopita katika mitaa yetu kabla ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023, na kwa sababu ninachokitafuta ni majibu, wala sina ugomvi na mtu. Alikaa nasi karibu saa mbili chini ya mwembe, akasikiliza, akajibu kwa heshima, na kwa hilo ninamshukuru. Alizungumza juu ya shule, juu ya haki za wanawake na watoto, na juu ya matunzo ya wagonjwa na wazee. Mimi nimefundisha mwaka wa sita kwa miaka 24, kwa hiyo wasomaji watanisamehe nikikaa zaidi kwenye shule, hasa malipo ya mwaka wa saba.

Alisema kwamba anaunga mkono elimu ya bure. Nami ninaiunga mkono kwa moyo wote. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya primere (miaka sita ya kwanza ya shule) ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, lakini tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo serikali ya Rais Félix Tshisekedi ikaanza kulitimiza neno hilo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wazazi ndio waliomlisha mwalimu kwa ile primu (nyongeza ya mwalimu iliyolipwa na wazazi) iliyoingia shuleni wakati mishahara ya serikali ilipokosa thamani, na kila mwezi ilikuwa kazi yangu, kazi niliyoichukia kuliko zote, kusoma mbele ya darasa majina ya watoto ambao hawajalipa na kuwaambia warudi nyumbani. Wengine walikuwa wakianza kufunga madaftari kabla jina lao halijafikiwa. Septemba ile ya 2019 niliona sura ambazo nilidhani sitaziona tena shuleni, na benchi la watoto watatu likakaliwa na watano. Walimu tuliumia, hasa wenzetu ambao hawakuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali, kwa maana primu iliondoka na mshahara haukuja. Pamoja na hayo yote, anayetaka kuturudisha kwenye ile orodha ya majina hatapata kura yangu.

Ila elimu hiyo ya bure inakoma kwenye mwaka wa sita. Mtoto akishafanya mtihani wa taifa wa kumaliza primere na kufaulu, anavuka kuingia mwaka wa saba, na hapo mlango una bei. Jina lenyewe huwachanganya wazazi, kwa sababu mwaka wa saba na wa nane huhesabiwa pamoja na primere kuwa elimu ya msingi, na wengi huamini kwamba bure inawafuata watoto wao mpaka huko. Wanafika kwa prefe (mkuu wa shule ya sekondari) wakiwa na matokeo mkononi, wanaonyeshwa karatasi ya minervali (ada ya shule), gharama za kuandikishwa na bei ya inifomu, kisha wanarudi nyumbani kufanya hesabu. Katika hesabu hiyo, nyumba yenye mvulana na msichana humtoa msichana kwanza.

Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, binti wa mama muuza makaa, aliyekuwa akimaliza zoezi la hesabu kabla sijamaliza kuliandika ubaoni. Alifaulu vizuri. Shule aliyopelekwa ilitaka fedha zote kabla ya kumpa kiti, na kaka yake alikuwa amekwisha kuandikishwa mahali pengine. Baada ya miaka miwili nilimkuta soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akiuza mikate, mtoto mgongoni, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo kama alivyozoea darasani, halafu akaniuliza kama mtihani wake wa mwaka wa sita bado una nguvu au umekwisha kuzeeka. Nilimjibu kwamba bado una nguvu. Nimelibeba swali hilo mpaka leo, na ndilo lililonisimamisha chini ya ule mwembe kumuuliza mgombea wetu atafanya nini kuhusu mwaka wa saba.

Alijibu kwamba atatoa bursa (fedha za kumlipia mtoto masomo) kutoka mfukoni mwake kwa wasichana wa mtaa wetu watakaofanya vizuri. Watu walipiga makofi. Sitaki kumvunjia heshima mtu anayetoa chake, na mzazi atakayepata bursa hiyo aipokee bila haya. Lakini mbunge wa jimbo hatumchagui ili atulipie kwa mfuko wake, maana mfuko wake ukiisha, au yeye akishindwa uchaguzi unaofuata, binti yuko mwaka wa tisa na hana wa kumlipia. Wazee wetu hapa Lubumbashi walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama, kwa sababu tangu enzi za Union Minière mpaka Gécamines kampuni hiyo ya madini ilimsomesha mtoto wa mfanyakazi, ikamtibu na kuipa nyumba yake chakula cha mwezi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari, na yaliyowapata watoto wao shuleni mwaka uliofuata kila familia ya Katuba inayajua. Tulikwisha kuona jinsi masomo ya mtoto yanavyokatika pale yanapotegemea mkono wa mmoja.

Ninachotaka mgombea azungumzie ni kazi ambayo Katiba yenyewe inampa. Kifungu cha 204 kinaweka elimu ya chekechea, ya primere, ya sekondari na ya ufundi katika mambo ya majimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Kila mwaka ni liwali (gavana) wa jimbo anayetia sahihi karatasi inayopanga malipo ya shule katika Haut-Katanga, na liwali huyo anachaguliwa na wabunge wa jimbo, anawajibika mbele yao, na wanaweza kumwandikia maswali, kumwita, kuunda tume ya uchunguzi, hata kumwondoa. Basi mgombea akisema kwamba malipo ya mwaka wa saba ni jambo la Kinshasa, ama hajakisoma kifungu hicho ama anatumaini kwamba sisi hatujakisoma.

Atasema, kama walivyosema waliomtangulia, kwamba jimbo halina fedha kwa sababu Kinshasa haitoi zile asilimia 40 za mapato ya taifa ambazo kifungu cha 175 kinayapa majimbo. Lalamiko hilo ni la haki, na mbunge yeyote wa Haut-Katanga anayelipigania niko nyuma yake. Hata hivyo kuna fedha nyingine ambazo hazipaswi kupitia Kinshasa. Sheria ya madini ilipobadilishwa mwezi wa Machi 2018, iligawa ile kodi inayolipwa kwa madini yanayouzwa katika mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, komini, sekta na utemi ambako mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fungu la jimbo linalipwa kwenye akaunti ya jimbo lenyewe. Hapa Katuba hatuna mgodi, tuna malori yanayopita na vumbi wanaloliacha, na kwa hiyo zile 25 za jimbo ndizo hasa zinazoweza kumfikia mtoto wa kwetu ambaye baba yake hachimbi shaba wala kobalti. Wabunge wa jimbo ndio wanaoipigia kura bajeti kila mwaka. Ningependa mgombea atuambie waziwazi ni sehemu gani ya fungu hilo ataomba iwekwe kwenye mwaka wa saba na wa nane katika shule za serikali, akianza na wasichana kama fedha hazitoshi kwa wote, na kama yuko tayari kuikataa bajeti isiyo na fedha hizo hata ikiletwa na liwali wa chama chake.

Juu ya haki nilisikitika zaidi. Mama mmoja alimuuliza juu ya wasichana wanaoolewa wakiwa na miaka 15 au 16, naye akajibu kwamba hayo ni mambo ya familia na ya mila, na kwamba mwanasiasa mwenye hekima haingii katika nyumba za watu. Alilisema kwa upole, lakini lilikuwa jibu baya. Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa ya mtoto. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18 kwa wote wawili, na iliondoa lile sharti la zamani la mke kuomba ruhusa ya mumewe ili afungue akaunti, afanye mkataba au aende mahakamani. Nimeona wanawake wenye biashara zao wakiulizwa ruhusa hiyo miaka mingi baada ya sheria kubadilika, na wanaiendea nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mimi ni mtu wa mila, nilitolewa mahari na binti zangu wametolewa mahari, na sioni mila yetu ikipungukiwa na kitu binti akingojwa mpaka afike miaka 18. Katiba inaitambua mamlaka ya kimila kwa sharti kwamba mila isipingane na sheria, na kifungu cha 203 kinaweka ulinzi wa haki za binadamu mikononi mwa serikali kuu na majimbo kwa pamoja. Mbunge wa jimbo anayekaa kimya juu ya ndoa za watoto ameacha sehemu ya kazi yake, na ahadi yake ya bursa inapoteza maana, kwa kuwa binti aliyekwisha kuolewa hatakuja kuichukua.

Katika habari hiyo ya haki, nashangaa kwamba hakuna hata mmoja kati ya wagombea niliowasikia aliyetaja sheria ya 3 Mei 2022 ya watu wenye ulemavu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nilipokea mtoto mmoja tu mwenye kiti cha magurudumu, na wenzake ndio waliokuwa wakimbeba kwenye ngazi. Vilevile sikusikia neno juu ya cheti cha kuzaliwa, ambacho mzazi ana siku 90 kukiandikisha kwenye ofisi ya komini, na ambacho kikikosekana hakuna njia rahisi ya kuthibitisha kwamba bibi harusi bado ni mtoto.

Kuhusu afya na wazee alisema mengi mazuri na machache ya kushikika. Kifungu kilekile cha 204 kinalikabidhi jimbo kazi ya matibabu ya msingi, kwa hiyo swali langu ni lile la bajeti, na sitalirudia.

Bwana Mhariri, alipoondoka mgombea huyo alituahidi kwamba atarudi. Akirudi, tunamwomba asije na vitenge wala mchele. Aje na nakala ya bajeti ya jimbo ya mwaka huu na karatasi ya liwali ya malipo ya shule, akae nasi tena chini ya mwembe, aweke kidole kwenye mstari wa mwaka wa saba, na atuambie ataubadilisha vipi. Kama mstari huo haumo, atuonyeshe mahali atakapoomba uandikwe. Na yule mama aliyeuliza juu ya ndoa za wasichana atakuwepo, nimekwisha kuzungumza naye, na atauliza swali lake tena.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi