Kaka, Azeem alikuwa anatafuta kibla

Kaka,

Tangu arobaini ya Baba hujanipigia, wala mimi sijakupigia. Juzi nimeiangalia tena Robin Hood: Prince of Thieves, ile ya 1991, peke yangu hadi mwisho.

Makosa uliyoyasema yote yapo. Kevin Costner anaongea Kimarekani kitupu katikati ya Waingereza wa enzi za Vita vya Msalaba. Anashuka pwani ya kusini, anaahidi kuwa jioni hiyo hiyo atakuwa kwa baba yake, halafu tunamwona kwenye Ukuta wa Hadrian, kule juu karibu na Scotland, Nottingham, kwao Robin, ameshaipita zamani. Na Alan Rickman, yule liwali, anawafunika wote. Asipokuwepo, filamu inalegea.

Lakini Baba hakuwa akimwangalia Robin. Alikuwa akimwangalia Azeem wa Morgan Freeman, ambaye kwenye tungo za kale hayumo kabisa: Mwislamu mwenye darubini na baruti, anayemzalisha mke wa Little John, mwenzake Robin, kwa kumpasua. Mkanda ulirudishwa nyuma kila mara pale Azeem anapolalamika kuwa nchi haina jua, anauliza mashariki ni wapi ili aswali. "Sisi kaskazini, wao mashariki," Baba alikuwa akituambia, kwa furaha kabisa.

Siku ile ulikuja likizo, sebule imejaa wageni, ukamcheka. "Mzee, hizi za watoto." Baba akainuka, akautoa mkanda kwenye deki, akauweka juu ya kabati. Hakuugusa tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai.

Ungemwomba radhi tu, kaka yangu. Wazee hawataki mengi. Ningekwambia siku ile ile, ila nilikuwa na miaka kumi na mbili na wewe ndiye uliyetoka Ulaya; nani angenisikiliza? Kwa hiyo usiseme niliyoyatoa kwenye arobaini hayakuwa na mahali pake. Nilikaa nayo miaka yote hiyo.

Ule mti wa kwenye filamu, pale kwenye Ukuta wa Hadrian, ulipokatwa Septemba 2023, Baba aliiona picha kwenye simu yangu. Akauliza kama ni karibu na kwako. Kisha akanituma nikuulize: huko, ukiswali, unaelekea wapi?

Sikukuuliza, kwa hasira zangu. Nakuuliza sasa.