Saa tano na nusu za Muscat hazianzii Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mawakala wa tiketi za ndege hapa Tanga, na wewe pia unayechapa matangazo ya safari. Ukiwauliza habari ya Muscat, ambako wengi wetu wa mwambao tuna ndugu, jibu ni moja: "Saa tano na nusu tu." Hesabu hiyo ni ya kweli kwa anayepanda Dar es Salaam ndege isiyotua njiani. Sisi tunatoka Tanga.

Barabara ya hapa hadi Dar es Salaam, kupitia Segera na Chalinze, ni kama kilomita 350, na basi huchukua saa tano au sita, foleni ya kuingia mjini ukiiweka kando. Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni takriban kilomita 4,000 angani. Kwa hiyo kipande kisichofikia hata sehemu ya kumi ya safari kinakula muda uleule wa kufika Arabuni! Abiria wa nje naye hutakiwa kuripoti uwanjani saa tatu kabla. Jumla ni saa 13 na nusu kwa uchache, na hapo hujaunganisha ndege Doha wala Addis Ababa. Vindege vya kwenda Dar es Salaam vipo hapa Tanga, ila si kila mfuko unavimudu.

Linaloniuma zaidi ni saa za kwenye tiketi. Tiketi ikiandikwa 02:30 tarehe 14, ni saa nane na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo abiria anatakiwa awe uwanjani tarehe 13 kabla ya saa sita usiku. Jirani yangu hapa Ngamiani, mama mtu mzima, alifika tarehe 14 jioni na mizigo yake yote. Ndege ilishaondoka tangu usiku uliopita, na tiketi ile haikurudishiwa hata senti. Aliyemuuzia hakumweleza neno. Wakati wa kutua nao huandikwa kwa saa za Oman, zilizotangulia zetu kwa saa moja, na anayekwenda kumpokea mgeni hawezi kujua hilo asipoambiwa.

Wakala anapotoa tiketi, amwandikie mteja kwa kalamu, kwa saa zetu za Kiswahili: aondoke Tanga siku gani na saa ngapi, aripoti saa ngapi, atasubiri wapi na kwa muda gani, na jumla ya saa zote tangu mlangoni kwake. Mgonjwa wa sukari anayechoma sindano hupanga chakula na dawa kwa hesabu hiyo ya jumla. Ya hewani peke yake haimtoshi. Nawe, Mhariri, usipokee tangazo linalotaja muda wa safari bila kutaja unahesabiwa kuanzia mji gani.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga