Tiki ya bluu haijawahi kumtibu mtu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe, na muda wote huo sijakuandikia hata mstari. Makosa ya tahajia nimeyavumilia. Tahariri zenu za mwisho wa mwaka nimezimeza bila maji. Ila hii makala yenu ya juzi, ya kutufundisha namna ya kumtambua mtaalamu wa kweli mitandaoni, imenikwama kooni. Unaikumbuka bila shaka, maana mliipa ukurasa mzima na picha ya kijana wa koti jeupe aliyetabasamu kupita kiasi. Sijawahi kuona daktari wa zamu akitabasamu hivyo.

Mwandishi wenu anatutaka tuangalie mambo matatu: kama mtu ana tiki ya bluu kando ya jina lake, ana wafuasi wangapi, na kama anaongea kwa kujiamini. Mimi ni mfamasia, nimezeeka nyuma ya dirisha la dawa. Kila aliyewahi kunipotezea mgonjwa kupitia simu alikuwa na hayo yote matatu.

Hiyo tiki Twitter walianza kuigawa mwaka 2009 ili watu wajue kwamba akaunti kweli ni ya mwenye jina, basi. Kama mwenye jina anajua anachokisema, hilo halikuwamo. Kisha Novemba 2022 wakaanza kuiuza, dola 8 kwa mwezi. Hazikupita siku nyingi, mtu akafungua akaunti kwa jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akainunulia tiki yake, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni yenyewe, ambayo haikutangaza chochote, ikabaki kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Jambo hilo lilivuma dunia nzima. Mwandishi wenu alikuwa wapi?

Wafuasi je? Belle Gibson wa Australia aliwakusanya kwa kudai kwamba ana saratani ya ubongo na anajitibu kwa mlo. Akatoa programu ya simu, akatoa na kitabu. Mwaka 2015 akakiri kuwa hakuna kilichokuwa kweli, na mwaka 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola 410,000 za Australia. Idadi ya wafuasi inakuambia wangapi wamesimama kutazama. Hata ajali ya barabarani ina watazamaji.

Hilo la tatu, la kujiamini, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa anatumia dawa za presha kwa miaka, na presha yake ilikuwa imetulia. Siku moja namuuliza kama zimekaribia kuisha nimchukulie nyingine, ananiambia ameshaziacha. "Shemeji, hizo dawa zenu zinaua figo. Kuna daktari ameeleza vizuri sana." Daktari gani? "Yumo humu kwenye simu. Tena yule anaongea kwa uhakika, siyo nyinyi, mtu akiuliza kitu mnasema inategemea." Nikaomba niione hiyo video, nikaitazama mwanzo hadi mwisho nikiwa nimeuma meno. Bwana anaongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alianza na jambo la kweli kabisa, kwamba kuna dawa zinazoumiza figo zikitumiwa hovyo kwa muda mrefu, nazo ni hizi za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akauhamisha ukweli huo akaubandika kwenye vidonge vya presha. Hakusema kwamba presha ya juu yenyewe ndiyo inayosaga mishipa midogo ya figo. Hakusema kwamba baadhi ya vidonge hivyo madaktari huviandika makusudi ili kuzilinda figo za wenye kisukari, na kwamba damu hupimwa mara kwa mara ili kuona figo zinaendeleaje. Na huo udaktari wake, nilipoutafuta, niliukuta chini kabisa ya maelezo yake mwenyewe: ni shahada ya uzamivu ya uongozi wa biashara. Nilimweleza shemeji yote haya. Akaniambia tangu aache vidonge anajisikia mwepesi. Bila shaka alijisikia mwepesi! Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka akicheka na kucheza, na ndiyo maana kumshawishi mtu aache dawa zake ni kazi rahisi kuliko zote duniani: huna cha kuthibitisha, yeye mwenyewe atakutolea ushuhuda wiki hiyo hiyo. Ushuhuda wake ulidumu mpaka asubuhi alipoamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Kiharusi. Mke wangu alimwandikia yule bwana, kwa adabu zote, akimweleza yaliyotokea na kumwomba aiondoe video. Jibu lilikuja papo hapo, la mashine, likimkaribisha kwenye darasa la wiki inayofuata kwa punguzo la bei. Akaandika tena, safari hii adabu zikiwa zimepungua. Akafungiwa. Video ipo mpaka leo, na chini yake watu wanamwombea bwana huyo maisha marefu.

Sasa turudi kwenye hiyo "inategemea" aliyoichukia shemeji. Ninyi mnawafundisha wasomaji wamkimbie anayeitamka. Mimi ningewaambia wamsogelee, ila wamuulize inategemea nini. Mwenye kujua atakujibu: umri wako, figo zako, dawa nyingine unazomeza, kama una mimba. Atakuambia pia ujuzi wake unakoma wapi na umwone nani kuanzia hapo. Huyu mwingine hana pa kukomea. Jumatatu ni figo, Jumatano ni ndoa, Ijumaa anakufundisha kuwekeza akiba yako, na kila hofu anayokupandikiza ina tiba, na tiba hiyo kwa bahati anaiuza yeye.

Na msidhani shahada peke yake ingetuokoa. Mwanakemia Linus Pauling alikuwa na tuzo mbili za Nobeli, ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962, akazeeka akiwaambia watu kwamba vitamini C kwa wingi inatibu saratani. Madaktari wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, waliipima kwa wagonjwa, hawakuona hilo. Ukimwuliza gwiji wa kemia kuhusu kemia, umefanya vyema. Ukimwuliza jingine, unaongea na mzee mwenye maoni.

Kuna na hii ngonjera nyingine ya hawa wataalamu wa kwenye simu, kwamba hata wagunduzi wakubwa walichekwa. Ni kweli, daktari Barry Marshall wa Australia alipingwa aliposema kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria. Mwaka 1984 akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua tumbo, akaandika kila kitu ili wengine wajaribu kumwangusha. Walishindwa, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobeli. Alinywa mwenyewe, Mhariri. Hakuwanywesha wafuasi.

Kama mwandishi wenu angepiga simu moja angepata la maana la kuandika. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaweka mbele ya kurasa za mtandaoni maprofesa wa historia, wanafunzi, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Maprofesa na wanafunzi walibaki kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini, na wengi wakaingizwa mjini na mwonekano wake. Wahakiki walitoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanamsema vipi mwenye ukurasa. Ndivyo nilivyofanya mimi kwa yule bwana, na sikuhitaji hata dakika kumi. Huo ndio ushauri, unatosha aya moja, na ukurasa uliobaki mngeuza tangazo.

Lakini ninyi wenyewe hamjitazami. Nani anayewapa hawa watu jina? Mara ngapi nimesoma humu "kwa mujibu wa mtaalamu", na sijaambiwa ni mtaalamu wa nini, anafanya kazi wapi wala nani anamlipa? Mtu huyo kesho yake anaipiga picha habari yenu, anaibandika kwenye ukurasa wake, na tangu hapo ameshakuwa "mtaalamu aliyenukuliwa na magazeti". Daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alipotoa makala yake ya mwaka 1998 akihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, alikuwa na watoto 12 tu kwenye utafiti wake. Magazeti ya Uingereza yalimbeba miaka kadhaa, yakimweka upande mmoja na madaktari waliobaki upande wa pili, eti mizani. Makala ilifutwa na jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, mwaka 2010, na mwaka huo huo akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Nakubali kwamba aliyemfichua naye alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer, aliyelifuatilia jambo hilo miaka mingi. Je, ninyi mna mtu hata mmoja mliyempa wiki mbili za kufuatilia jambo? Au wote wako kwenye kurasa za nyota za bahati, ambazo nazo, naona, zina mtaalamu wake?

Napendekeza hivi. Kuanzia toleo lijalo, kila mnapomnukuu mtaalamu, wekeni kisanduku chini ya jina lake chenye mambo manne: alisomea nini, anauza nini, mara ya mwisho kusema hadharani "nilikosea" ilikuwa lini, na namba ya simu anayoipokea saa nane za usiku pale aliyemsikiliza anapoanguka bafuni. Mpigieni kwanza saa hiyo hiyo kuhakikisha. Asipopokea, nafasi yake chapisheni fumbo la maneno. Lile la Jumapili tangu mwezi uliopita mnalirudia, na jibu la kumi na nne wima bado si sahihi.

Wako mwenye presha iliyopanda,
Mfamasia mstaafu
(jina na anwani unavyo)