Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa halmashauri yetu: mtoto hawezi kusubiri Jumatatu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: ZAMU YA OFISA USTAWI WA JAMII SIKU ZA JUMAMOSI NA JUMAPILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wafanyakazi na watu wanaojitolea katika shirika linalosaidia familia ndani ya halmashauri unayoiongoza hapa mkoani Kigoma. Tumekwisha kukuandikia barua mbili kwa utaratibu wa kawaida, zikapokelewa masjala na kugongwa muhuri. Safari hii tunaandika hadharani kwa sababu Ijumaa iliyopita mtoto mwingine ameambiwa arudi Jumatatu.

Hatutasema ni nani, wa kijiji gani, wala alifanyiwa nini. Mtoto haanikwi ili wakubwa waamke. Tutaeleza hesabu tu.

Ofisi ya ustawi hufungwa Ijumaa saa 9:30 alasiri, hufunguliwa Jumatatu saa 1:30 asubuhi. Hapo katikati ni saa 64. Dawa za kumkinga na VVU mtoto aliyebakwa au kulawitiwa sharti zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyochelewa ndivyo uwezo wake unavyopungua. Mtoto aliyefanyiwa unyama dakika ileile mlango unapofungwa, akiletwa Jumatatu asubuhi amebakiwa na saa nane za kumpata ofisa, kwenda polisi kuchukua PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza alichokuta akimpima), kupanga foleni hospitali na kupimwa. Aliyefanyiwa Alhamisi usiku, muda wake umekwisha kabla kufuli halijafunguliwa. Jumatatu ikiangukia sikukuu, saa 64 zinakuwa 88.

Utaambiwa kwamba polisi na hospitali hazifungwi. Ni kweli. Kaunta ya polisi iko wazi, ila askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hayupo, na aliyepo anaona shauri la mtoto ni la dawati. Hospitali iko wazi, ila dawa zimo kwenye kabati la CTC, yaani kliniki ya VVU, na mwenye ufunguo yuko nyumbani. Daktari wa zamu naye anataka PF3 kwanza. Kubwa kuliko yote, mtuhumiwa akiwa baba, baba wa kambo au mjomba anayemlea, nani atatoa ridhaa mtoto apimwe? Nani atasema leo halali nyumba ile? Sisi hatuna mamlaka hayo. Shirika haliwezi kumtoa mtoto kwao na kumlaza linakotaka, na ni haki sheria iwe hivyo, maana wapo wanaojiita wasaidizi wa watoto ambao ndio hasa wa kuogopwa. Mwenye mamlaka ni ofisa ustawi wako. Yeye ndiye mwenye orodha ya familia za kuaminika zilizofundishwa kumpokea mtoto kwa dharura. Orodha imo kwenye droo yake, na droo imefungwa.

Tulishauriwa tupige 116, namba ya simu ya kusaidia watoto. Tunapiga. Ni bure, inapokelewa usiku na mchana, na wanaopokea wanasikiliza vizuri. Kisha wanafanya kinachowapasa: wanalipeleka shauri kwa ofisa ustawi wa halmashauri husika. Simu inakwenda mbali na kurudi kuita kwenye meza ileile isiyo na mtu.

Wajibu wa upande wetu tunaujua. Anayetaka kufanya kazi na watoto, awe wa mshahara au wa kujitolea, kwanza tunamuuliza mwajiri wake wa mwisho na mwenyekiti wa kijiji au mtaa alikoishi. Kutembelea familia ni watu wawili, kamwe si mmoja. Hakuna kuzungumza na mtoto chumbani mlango ukiwa umefungwa, kumpigia simu usiku, kumpakia pikipiki peke yake wala kumpiga picha kwa simu binafsi. Lalamiko dhidi ya mmoja wetu halipiti kwa bosi wake. Linakwenda polisi na ustawi siku hiyohiyo. Mtoto akifunua jambo, msikilizaji haahidi kulificha, hamtilii maneno mdomoni, hamuulizi "ni baba, siyo?" Anaandika maneno yaleyale aliyotamka mtoto, na saa aliyoyatamka. Mtoto haogeshwi kabla ya kupimwa. Kila nguo inawekwa kwenye mfuko wake wa karatasi ya kaki, si wa nailoni, kwa kuwa ndani ya nailoni nguo yenye unyevu huvunda na ushahidi huharibika.

Lakini mfuko wa kaki utafaa nini kama hakuna wa kuupokea? Kufikia Jumatatu mtoto ameogeshwa mara tatu, nguo zimefuliwa na wazee wamekwisha kuketi. Jumapili ndiyo siku ya kumalizana. Watu wako nyumbani, mbuzi anatajwa, fedha zinatajwa, mtoto anafundishwa cha kusema, na asubuhi yake mama anakuja kutuambia "tumeshaelewana." Kubaka ni jinai, na hakuna ukoo wenye uwezo wa kuisamehe kwa niaba ya Jamhuri. Hata familia ikikataa mbuzi, daktari anampima mtoto siku ya tatu au ya nne. Michubuko ya sehemu zile hupona upesi. PF3 inajazwa "hakuna jeraha," na karatasi hiyo ndiyo wakili wa utetezi ataisoma kwa sauti mahakamani.

Kwa nini zamu haipo? Huenda ni posho. Huenda pikipiki ya idara haina mafuta na vocha ya simu inatoka mfukoni mwa ofisa. Huenda ni uchache wao, mmoja kushika kata kadhaa katika mkoa ambao baadhi ya vijiji vya mwambao wa ziwa hufikiwa kwa boti tu. Maofisa hao tunawaheshimu, hawakuomba kuwa wachache. Lakini manesi nao ni wachache, na zamu wanayo.

Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, uliwaahidi watoto waliokaa juani mbele yako kwamba zamu itaanza mwezi unaofuata. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwananchi anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri. Kifungu cha 94 kinaikabidhi halmashauri jukumu la kumlinda mtoto huyo. Sisi taarifa tunayo. Jumamosi tumpe nani?

Barua ya kwanza ilikuwa na maombi tisa. Leo ni moja. Jina moja kwenye ratiba kila mwisho wa wiki na namba moja ya simu ya ofisi, si ya ofisa binafsi, ili akihamishwa namba ibaki. Ibandikwe kaunta ya polisi, mapokezi ya hospitali, kila zahanati na kila ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ikiwezekana, lita 20 za petroli kwa mwezi zisizoguswa kwa kazi nyingine. Isipowezekana, ofisa tutamfuata kwa bodaboda kwa gharama yetu.

Namba tu, Ndugu Mkurugenzi. Iwe imebandikwa Ijumaa hii kabla ya saa 9:30.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wafanyakazi na wanaojitolea, shirika la kusaidia familia,
Kigoma